Kigoda cha Bibi Kwenye Mdahalo wa Ziwa

Ilianza Jumatano ya wiki ya mwisho ya mwezi wa tano, saa nane na nusu mchana. Nina uhakika na saa kwa sababu nilikuwa nimeikodolea macho saa ya ukutani, nikiiomba ifike tisa kabla mwalimu hajafika kwenye dawati letu.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa anachagua wasemaji wa mdahalo. Kwa kawaida midahalo ya shule yetu ni ya Kiingereza, na kwenye Kiingereza mimi nina pa kujificha: nikinyamaza, watu wanadhani tatizo ni lugha. Lakini huu ulikuwa wa Ijumaa mchana, mbele ya wazazi, kwa hiyo ni Kiswahili. Mada ilikuwa ubaoni tangu asubuhi: Tanzania inalitunza Ziwa Tanganyika kuliko nchi nyingine zinazolizunguka. Darasa letu tulipewa kuunga mkono, na watu wakashangilia kama tumeshashinda. Nani atasimama kuipinga nchi yake mbele ya wazazi?

Kiongozi wa kikundi chetu ni kijana anayejua kuongea, anaongea hata akiwa anakula. Alikuwa ameshajichagua msemaji wa kwanza. Sasa akaninyooshea kalamu. "Wa tatu awe yeye."

Darasa likacheka. Tangu kidato cha kwanza sijawahi kunyoosha mkono. Mwalimu akiita majina naitikia kwa sauti ambayo imeshawahi kunifanya niandikwe sipo, na nipo.

"Huyu tutamkodishia spika," mmoja akasema nyuma.

"Sikilizeni kwanza," kiongozi akasema. "Msemaji wa tatu ndiye anayewashukia majirani. Bibi yake ni Mkongo. Akisema yeye, nani atasema tunawaonea?"

Mwalimu akanitazama. "Utaweza?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini kusema hapana nako ni kusema, na vichwa vyote vilikuwa vimeshageuka. Nikatikisa kichwa, hata sijui nilikitikisa namna gani, mwalimu akaandika jina langu.

Bibi anayesemwa ni mama yake mama. Alizaliwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Babu alikuwa akivuka kwenda kuuza mafuta ya mawese, safari moja akarudi na mke. Kwa hiyo bibi ameishi Ujiji tangu mama hajazaliwa, amezika mume Ujiji, ila bado anasema mutoto na muzuri, na bado wapo wanaomwita Bi Mkongo kana kwamba ameshuka kwenye boti jana. Siku ambazo hewa ni safi baada ya mvua, milima ya kule inaonekana, na bibi husimama mlangoni akasema, "Leo kwetu wameamka." Kiangazi ukungu ukiifunika hasemi kitu, anachungulia tu na kurudi ndani.

Nalala naye chumba kimoja. Mama anashona nguo sokoni Mwanga, anatoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mtu wa kuwa naye nyumbani ni bibi. Hatuongei sana. Tunachambua mchele pamoja, tunasikiliza redio pamoja, na akitaka nimpake mafuta mgongoni ananipa tu kichupa.

Nilipomwambia kwamba nimechaguliwa kuongea shuleni, aliweka chini ungo.

"Weye?"

"Mimi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, bibi. Wazazi pia."

Hakuuliza nitasema nini. Alisimama, akaingia ndani, nikasikia sanduku lake linafunguliwa. Akatoka na kitenge chake cha kijani, kile anachovaa Idi, akakikung'uta mara moja hewani. Jioni hiyo hiyo alienda bombani na ndoo ambayo haikuhitaji maji. Aliporudi, majirani wote walikuwa wanajua kwamba mjukuu wa Bi Mkongo atahutubia.

Kesho yake, Alhamisi, kiongozi alinipa karatasi. Alikuwa ameniandikia kila neno. Sisi tunalifunga ziwa ili samaki wazae, wao wanaendelea kuvua. Sisi tumepiga marufuku mifuko ya plastiki, wao wanaitupa majini na inatufikia sisi. Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa: wenzetu wa ng'ambo hawana uchungu na ziwa hili, kwa sababu hawajafundishwa kuwa nao.

"Hii ya mwisho uiseme polepole," akaniambia. "Halafu nyamaza kidogo. Watapiga makofi."

"Una uhakika wao hawafungi?" Nilikuwa nimetafuta kwenye simu ya mama na kuona kwamba nchi zote nne zilishakaa zikazungumza habari ya kufunga ziwa. Nani anatekeleza na nani anategea, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

"Wewe tafuta makosa, mimi natafuta ushindi," akasema. "Soma tu, dada."

Na nikiwa mkweli, nusu yangu iliiamini ile karatasi. Tulikuwa ndani ya miezi ya kufunga ziwa. Mitumbwi imelala mchangani, dagaa hawapo sokoni, watu wanaumia na wanavumilia. Ukiumia kwa ajili ya kitu, unataka kusikia kwamba wewe ndiye mwema kuliko jirani. Nusu nyingine ilikuwa inaona kitenge cha kijani kimeanikwa kwenye kamba.

Nilijaribu kumzuia. "Bibi, Ijumaa kutakuwa na jua kali."

"Nina mwavuli."

"Viti havitoshi. Vya mbele ni vya wageni wa heshima."

"Nitabeba kigoda changu."

"Na watasema maneno mengi ya kitabuni, utachoka."

Akanitazama. "Mutoto yangu, hutaki nije?"

Nikasema nataka. Ningesema nini?

Alhamisi alasiri nilijificha nyuma ya jiko, kwenye migomba, kufanya mazoezi. Nilisoma ile karatasi kwa sauti mara nyingi, mpaka ulimi ukaacha kujikwaa. Nilipotokeza, bibi alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta akimenya ndizi.

Nikaficha karatasi mgongoni. "Ulikuwa unasikiliza?"

"Nimesikia sauti," akasema, bila kuinua uso. "Maneno sikuyasikia, masikio ya uzee haya. Sauti ni muzuri. Kumbe unayo."

Moyo ukanitulia kidogo. Kidogo tu.

Sasa niseme habari ya sufuria, kwa sababu bila hiyo Ijumaa haieleweki. Wanawake wa mtaani kwetu wanaosha vyombo ziwani. Wanaingia maji ya magotini, wanasugua sufuria zenye masizi kwa mchanga na sabuni ya unga, povu linaelea, watoto wanalikimbiza. Bibi hafanyi hivyo. Yeye huchota maji kwa ndoo, anapanda mchanga mpaka kule juu ambako mitumbwi mibovu imepinduliwa, anasugulia huko peke yake, na maji machafu anayamwaga mchangani. Hivyo siku zote, tangu nina akili. Mbebaji wa ndoo ni mimi.

"Bi Mkongo, shuka, ziwa halikuli!" wanamwita.

"Anaogopa mamba huyo."

"Mamba gani wa kumtaka, kishakauka yule!"

Wanacheka, naye anaitikia marahaba kwa aliyemwamkia na kupita. Mimi nyuma na ndoo, natamani mchanga unimeze. Nilikuwa nimejijibu mwenyewe kwamba huko alikozaliwa ndivyo walivyolelewa, kuliheshimu ziwa. Sikuwahi kumuuliza. Mimi na bibi tunapendana bila kuulizana.

Ijumaa ilifika. Viti vilipangwa uwanjani kivulini mwa madarasa, wazazi wakaja, mama hakuweza kuacha cherehani. Bibi alikuja kabla ya wengi. Alivaa kijani, amejifunga kilemba kikubwa cha kikwao, mkono mmoja mwavuli, mwingine kigoda. Mwalimu alimwonyesha kiti cha plastiki safu ya nyuma. Akashukuru, akapita, akaweka kigoda chake mbele kabisa, mbele ya wageni wa heshima, akaketi. Wanafunzi wakacheka. Mwalimu akakirudisha kile kiti cha plastiki.

Kiongozi wetu alianza vizuri. Mheshimiwa mwenyekiti hivi, mheshimiwa mwenyekiti vile, ziwa limefungwa, mifuko imekatazwa, doria zipo. Makofi. Msemaji wetu wa pili akasema Burundi wanamwaga uchafu wa mji mzima ziwani. Makofi tena.

Halafu akasimama msichana wa darasa lililopinga, mfupi, mwenye miwani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba tuongozane wote sasa hivi mpaka soko la Mwanga tukanunue nyanya. Tuone tutafungiwa kwenye nini."

Uwanja ukalipuka. Mama mmoja wa safu ya pili alikuwa ameshika nyanya kwenye kimfuko kile kile cha nailoni. Akakiingiza chini ya khanga.

"Na tukitoka hapo tutazame milima. Juu kuna miti? Mvua ikinyesha, ziwa linakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ule udongo umetoka Kongo? Na hao Warundi mnaowasema, Jumamosi wanatoka kufanya usafi."

"Na sisi tuna Jumamosi yetu, ya mwisho wa mwezi!" kiongozi wetu akaropoka kutoka kwenye kiti.

"Tunafunga maduka, tunalala!" akajibiwa, na hata wageni wa heshima walicheka.

Ikaja zamu yangu. Sijui nilifikaje mbele. Nikapewa kipaza sauti, nikakunjua karatasi. Nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti," na mtu akapiga kelele, "Hatusikii!" Nikarudia. Nikasema kuhusu kufunga ziwa. Nikasema kuhusu mifuko, kwa sauti ya chini maana tumeshaisikia habari ya nyanya. Nikafika kwenye herufi kubwa.

"Wenzetu wa ng'ambo," nikasema.

Bibi alikuwa ameketi mbele yangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa kilemba. Mikono yake ilikuwa mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama mtu anayesubiri sindano na ameamua hatalia. Alikuwa ananitazama mdomoni.

"Wenzetu wa ng'ambo," nikasema tena, na maneno yaliyofuata hayakutoka. Nikanyamaza. Kiongozi akadhani ni ule unyamavu alionifundisha, akaanza kupiga makofi, akajikuta peke yake.

Ndipo nikasema yasiyoandikwa. Siyakumbuki yote. Nilisema wa ng'ambo ninayemjua vizuri ni mmoja, nalala naye chumba kimoja. Nilisema yeye haoshi sufuria ziwani, anapanda na ndoo mpaka juu, na sisi wa huku, raia wa nchi inayolitunza ziwa, tunasimama kwenye povu letu tunamcheka. Nilisema mimi nimeona aibu kubeba ndoo yake. Nilisema sijui nchi zinapimwaje, kwa sheria zilizoandikwa au kwa kinachofanyika pale mchangani asubuhi, na kama ni kwa sheria basi tumeshinda, lakini ziwa halijui kusoma. Halafu nikasema ahsante na kuondoka na kipaza sauti, ikabidi mwalimu anifuate.

Watu walipiga makofi. Walisimama wengine. Upande uliopinga ukashinda, na waliopiga makofi kwa nguvu zaidi ni wao.

"Umejifunga goli mwenyewe," kiongozi akaniambia, amekunja uso. "Upande wako mwenyewe, jamani!" Nilimwambia samahani na nilimaanisha. Alikuwa ameandika usiku kucha.

Lakini nilikuwa namtazama bibi. Yeye peke yake ndiye hakupiga makofi. Alikuwa amekunja mwavuli wake, anatazama chini, kati ya viatu vyake.

Tulirudi kwa miguu. Mimi nilibeba kigoda, nikingoja aseme kitu. Tumefika karibu na kona ya nyumbani ndipo mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake kisicho na sauti, mpaka akanishika bega asianguke.

"Mutoto yangu," akasema, "nani alikuambia mimi nalitunza ziwa?"

"Si unapanda na ndoo? Si ndivyo mnavyofanya kwenu?"

"Kwetu? Kwetu tunasugua mule mule majini kama watu wote! Mama yangu aliosha mpaka mbuzi." Akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Halafu kicheko kikamwisha polepole.

"Nilipokuja hapa nilikuwa kama weye, mudogo. Nilishuka ziwani na sufuria ya mama mkwe. Wale wanawake wakaniambia, hebu sema hiki, hebu sema kile. Nikisema, wanacheka. Kesho tena. Wanamwita na mwingine aje asikie. Siku moja nikachota maji, nikapanda juu, kwenye mitumbwi. Huko hakuna wa kuniambia sema. Ziwa sikulifikiria hata kidogo. Nilifikiria masikio yangu."

"Na babu?"

"Babu yako aliniona, akasema, mke wangu mutu safi, hataki kuchafua maji. Akawaambia ndugu zake wote. Ningesema nini? Nikanyamaza. Ikawa ndiyo kazi yangu."

Nilisimama barabarani na kigoda kifuani. "Kwa hiyo nimedanganya shule nzima."

"Hapana. Masizi hayakuingia ziwani, hiyo ni kweli. Ila usiniweke juu sana, nitaanguka." Akachukua hatua chache, akageuka. "Na yale mengine, ya kwamba hatuna uchungu. Nilijua yatakuja."

Sikuelewa mara moja.

"Ulisema hukusikia maneno."

"Nilisikia."

"Yote?"

"Yote. Ulirudia sana, hata kuku waliyajua."

"Na ukaja? Na kitenge? Ukakaa mbele kabisa?"

Bibi alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanakula. "Ningekaa nyuma ningesikiaje? Hujawahi kuongea mbele ya watu. Nilitaka kusikia sauti yako. Maneno ningemsamehe aliyeandika."

Nilimshika mkono. Hatujazoea kushikana mikono barabarani, lakini tulienda hivyo mpaka mlangoni, na jirani aliyetuona akauliza kama bibi anaumwa mguu.

Usiku mama alipika ugali, na sufuria ikabaki na ukoko chini na masizi nje. Niliitazama kabla ya kulala. Nilikuwa nafikiria yule binti wa Kalemie aliyepanda mchanga peke yake, mwenye umri kama wangu, na kwamba ile aibu niliyoibeba kwenye ndoo miaka yote hii kumbe ilikuwa yake kwanza. Mimi najificha dawati la nyuma. Yeye alijificha nyuma ya mitumbwi, na watu wakamwita msafi.

Jumamosi asubuhi niliamka kabla yake. Nikachukua sufuria, ndoo na kigoda, nikamwambia twende. Milima ya kwao haikuonekana, ukungu ulikuwa mzito. Wanawake walikuwa wameshafika, wako magotini kwenye maji, na habari zilikuwa zimeshawafikia.

"Ndiye huyo aliyetusema shuleni!"

"Kumbe ana mdomo! Nilidhani bubu."

Bibi akaanza kupanda kuelekea juu, njia yake ya siku zote. Mimi sikumfuata. Nilichota maji, nikatoka nayo hatua chache tu, pale mchanga unapoanza kuwa mkavu, karibu kiasi cha kusikia wanachosema. Nikaweka kigoda.

"Shikamooni," nikasema, kwa sauti ya kusikika.

"Marahaba," mmoja akasema, halafu wengine. Mwanamke mmoja mnene, mcheshi wao, akapaza sauti, "Bi Mkongo! Leo unashuka? Njoo basi, mjukuu wako kakupangia kiti."

Bibi alisimama katikati ya mchanga. Alitazama mitumbwi kule juu, akanitazama mimi. Akarudi polepole, akaketi, akakunja mikono ya gauni.

"Nimeshuka," akasema. "Lakini atakayeniambia sema hiki, namwagia maji ya masizi."

Walicheka, na yeye akacheka nao, kwa sauti safari hii. Nikashika sufuria nikaanza kusugua. Maji yalipokuwa meusi, nikayamwaga mchangani upande wa juu, mbali na ziwa, nikaenda kuchota mengine.